Nabii Amosi na Mizani ya Kikundi Chetu



Tunapotembelea vikundi huwa tunaona jambo moja karibu kila mahali. Mkutano unafunguliwa kwa maombi. Mtu anasoma aya mbili tatu, wimbo unaimbwa, halafu Biblia inafungwa. Hapo mweka hazina anafungua daftari na mambo ya pesa yanaanza: nani amelipa, nani hajalipa, nani atozwe faini. Ni kama kuna mikutano miwili chini ya mti mmoja, na hiyo mikutano haijuani.

Katika toleo hili tunataka kusoma pamoja habari za mtu mmoja wa zamani ambaye hakukubali mambo hayo mawili yatenganishwe. Jina lake ni Amosi. Kitabu chake kiko katika Agano la Kale, nacho ni kifupi, sura 9 tu. Kikundi kinaweza kukimaliza kwa mikutano minne. Lakini tunawaonya mapema. Ukianza kumsoma Amosi utafurahi, kwa sababu anawasema watu wengine. Baadaye anakugeukia wewe.

ALIKUWA MTU WA NAMNA GANI?

Amosi alitoka Tekoa, kijiji kilichokuwa karibu kilomita 16 kusini mwa Yerusalemu, mahali ambapo mashamba yanaishia na nyika inaanza. Hakuwa kasisi, wala hakusomea unabii. Yeye mwenyewe anasema hivyo katika 7:14-15. Alikuwa na kazi mbili: kufuga kondoo na kutunza mikuyu.

Huo mkuyu, wengi wetu tunaujua. Ni mti ule ule unaoota kando ya mito yetu hapa Kenya, wenye matunda yanayotokea kwenye shina na matawi makubwa. Kule kwao matunda yake yalichanjwa kidogo kwa kisu, moja moja, ndipo yakaiva vizuri kwa siku chache. Ni kazi ya mikono na ya subira. Tena mkuyu haupendi baridi, na Tekoa iko juu milimani. Kwa hivyo Amosi alilazimika kuteremka mabondeni kuifanya kazi hiyo. Alikuwa mtu wa kutembea, na huenda katika safari hizo aliyaona masoko na mizani zake.

Tusiharakishe kusema kwamba alikuwa fukara. Neno la Kiebrania linalomtaja kuwa mfugaji katika 1:1 linatumika pia kwa Mesha, mfalme wa Moabu, katika 2 Wafalme 3:4. Huenda Amosi alikuwa na mifugo yake. Hilo ni funzo kwetu pia. Si lazima uwe umelala njaa ndipo uwatetee wenye njaa.

NCHI ILIKUWA NA PESA

Zamani hizo Waisraeli walikuwa wamegawanyika katika falme mbili. Kusini ilikuwa Yuda, alikotoka Amosi, chini ya mfalme Uzia. Kaskazini ilikuwa Israeli, chini ya Yeroboamu wa Pili, na mji wake mkuu ulikuwa Samaria. Amosi alikuwa mtu wa kusini, lakini alitumwa kusema kaskazini. Hiyo ilikuwa kama mwaka wa 760 K.K.

Yeroboamu huyo alitawala miaka 41, na 2 Wafalme 14:23-25 inasema alirudisha mipaka ya nchi iliyokuwa imepotea. Maadui walikuwa wamepungukiwa nguvu na biashara ilikwenda vizuri. Ungemuuliza mtu wa Samaria angekwambia, maendeleo yamekuja.

Na kweli yalikuwa yamekuja, lakini kwa nani? Amosi anataja nyumba za kipupwe na nyumba za kiangazi (3:15), vitanda vilivyopambwa kwa pembe za ndovu, mvinyo unaonywewa kwa mabakuli na mafuta bora ya kujipaka (6:4-6). Mtu anaweza kudhani nabii alitia chumvi. Lakini wachimbuaji waliofanya kazi katika magofu ya Samaria kati ya 1931 na 1935 walikuta vipande vingi vya pembe za ndovu vilivyochongwa kwa ufundi, vya kupambia samani. Kabla ya hapo, mwaka 1910, wachimbuaji wengine walikuwa wamepata vigae vyenye maandishi ya wino. Vilikuwa kama risiti za stoo. Vimeandikwa mwaka, mahali mzigo ulikotoka, na mzigo wenyewe: mtungi wa mvinyo wa zamani, mtungi wa mafuta safi. Yaani vitu vile vile Amosi alivyokuwa akivisema. Mafuta na mvinyo vilitoka vijijini vikapanda kwenda mjini kwa wakubwa.

NYANI HAONI KUNDULE

Sasa fungueni sura ya 1. Angalieni ujanja wa Amosi.

Hakuanza kwa kuwalaumu watu waliokuwa mbele yake. Alianza na Dameski, ambao walikuwa wameitesa Gileadi. Kisha akaenda Gaza, waliouza watu utumwani. Kisha Tiro, Edomu, Amoni na Moabu. Hao wote ni majirani, na wengine walikuwa maadui. Tunaweza kuwaona wasikilizaji wakitikisa vichwa na kusema, kweli kabisa, sema mzee! Baadaye akaitaja Yuda, nchi yake mwenyewe. Hapo nadhani walipiga makofi.

Hayo ni mataifa saba. Wengine walidhani hotuba imekwisha. Kumbe bado la nane, nalo lilikuwa Israeli, yaani wao wenyewe waliosimama pale. Tena Israeli ndiyo iliyosemwa kwa maneno mengi zaidi kuliko wote (2:6-16).

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sisi pia tuko hivyo. Katika vikundi tunaweza kukaa asubuhi nzima tukizungumza juu ya wanasiasa walafi, madalali wa sokoni na watu wa mjini. Na mengi tunayosema ni kweli. Lakini tukimsoma Amosi vizuri tutafika kwenye taifa la nane. Hilo ni kikundi chetu.

HILA NNE ZA SOKONI

Katika 8:4-6 Amosi anawaonyesha wafanyabiashara wakiwa kwenye ibada. Siku ya mwezi mwandamo na siku ya sabato hakuna biashara, kwa hivyo wamekaa, lakini mioyo yao iko dukani. Wanajiuliza sikukuu itaisha lini wafungue ghala. Halafu Amosi anazitaja hila zao moja moja. Wanapunguza efa, wanaongeza shekeli, wanaipinda mizani, na wanauza makapi ya ngano.

Wacha tueleze maneno haya. Efa ilikuwa kipimo cha nafaka cha kama lita 22, zaidi kidogo ya mtungi wa lita 20 tunaochotea maji. Shekeli haikuwa sarafu. Siku hizo sarafu zilikuwa bado hazijaanza kutumika huko. Shekeli ilikuwa uzito, kama gramu 11, na fedha ilipimwa kwenye mizani kwa kutumia jiwe. Mwenye duka ndiye mwenye jiwe.

Tuchukue mfano wa kufikiria tu. Tuseme bei ya haki ni shekeli moja kwa efa moja, yaani gramu 11 za fedha kwa lita 22 za ngano. Basi kila lita mbili ni gramu moja.

Hila ya kwanza: efa ya mwenye duka imepunguzwa, inabeba lita 20 tu. Bei ya haki ya lita hizo ingekuwa gramu 10.

Hila ya pili: jiwe lake la shekeli limeongezwa uzito, ni gramu 12. Mama aliyepaswa kulipa gramu 10 analipa 12.

Hila ya tatu: ndani ya zile lita 20, mbili ni makapi. Ngano ya kweli ni lita 18, ambazo ni za gramu 9.

Amelipa 12, amepata ya 9. Robo ya fedha yake imekwenda, na hajaona mwizi. Na hapo bado hatujahesabu hila ya nne, ile mizani iliyopindwa. Tazameni: kila hila peke yake ni ndogo. Hakuna hata moja ambayo mtu angepigia kelele. Zikijumlishwa zinamfukarisha mtu.

Yule mama akirudi mara ya tatu hana fedha, anakopa. Akishindwa kulipa, yeye au mtoto wake anachukuliwa kuwa mtumwa. Hii ndiyo maana ya Amosi anaposema maskini wanauzwa kwa bei ya jozi ya viatu. Deni lenyewe lilikuwa dogo hivyo! Katika ufalme huo huo, zamani za Elisha, tunasoma habari za mjane ambaye mdai alikuwa anakuja kuwachukua watoto wake wawili (2 Wafalme 4:1). Njia ya kufika huko ilianzia kwenye kipimo.

Hapa kwetu tunazijua hila za namna hii. Gorogoro lililobonyezwa kitako. Gunia la viazi lililoshonewa kichwa juu mpaka likawa gunia na nusu, na mkulima analipwa la moja. Lakini tulisema tutafika kwenye taifa la nane, basi wacha tuanze na sisi wenyewe.

Kuna wakati tulikuwa tukisaidia vikundi kukusanya mahindi ili yauzwe pamoja. Tulipima kwa mizani ya saa, ile ya kuning'iniza. Siku moja mzee mmoja akaja na pakiti kumi za sukari alizoazima dukani, za kilo mbili kila moja. Akaomba tuzipime. Mshale ukasimama kwenye kilo 18 na nusu. Tukapima tena, ikawa ile ile. Mizani ilikuwa imeshika kutu ndani, na kwa misimu miwili hakuna hata mmoja wetu aliyeijaribu. Kwa gunia la kilo 90, mkulima alikuwa akipoteza karibu kilo 7.

Hatukuwa na nia mbaya. Lakini kwa mkulima, kilo saba zilizoliwa na kutu na kilo saba zilizoibiwa ni zile zile. Tulirudia daftari tukawalipa wale tuliowapata. Wengine walikuwa wamehama. Mzee hakutushtaki. Alituambia tu kwamba alisita kwa muda mrefu kutujaribu kwa sababu sisi ni watu wa kanisa. Neno hilo lilituuma kuliko lawama.

VAZI LA MASKINI

Sasa tufike kwenye jambo linalogusa vikundi zaidi, nalo ni madeni.

Katika 2:8 Amosi anaona watu wamelala kando ya madhabahu, juu ya mavazi yaliyochukuliwa rehani. Tena wanakunywa mvinyo ulionunuliwa kwa faini za watu, na wanaunywa ndani ya nyumba ya Mungu.

Kuweka rehani hakukuwa kosa. Torati iliruhusu mkopeshaji ashike kitu cha mkopaji. Lakini iliweka mipaka, na mipaka hiyo ni ya ajabu kwa jinsi inavyomjali mtu. Ukichukua vazi la mtu, mrudishie kabla jua halijatua, kwa sababu ndilo blanketi lake (Kutoka 22:26-27). Usichukue jiwe la kusagia, kwa maana hicho ndicho chakula cha nyumba (Kumbukumbu la Torati 24:6). Tena usiingie ndani ya nyumba ya mdaiwa kujichagulia. Simama nje, yeye mwenyewe akuletee (24:10-11). Deni lilipwe, ndiyo, lakini mtu asivuliwe utu wake na wala asinyang'anywe kifaa kinachomlisha.

Je, watu walizijali sheria hizi? Mwaka 1960, katika magofu ya ngome moja karibu na bahari, kusini mwa Jaffa, kulipatikana kigae kilichoandikwa kwa wino. Ni cha miaka zaidi ya 100 baada ya Amosi. Ndani yake mvunaji mmoja anamlilia mkubwa wa mahali hapo. Anasema alimaliza kuvuna na kuweka nafaka ghalani kama ilivyotakiwa, lakini msimamizi akamnyang'anya vazi lake. Anaomba arudishiwe. Na anaongeza neno moja la maana sana: wenzake waliovuna naye juani watamshuhudia kwamba anasema kweli. Huyo mvunaji alikuwa na kikundi! Bila wenzake lalamiko lake lingekuwa neno la mtu mmoja mnyonge.

Sasa sikilizeni yaliyotupata. Tulialikwa kwenye mkutano wa kikundi kimoja cha kukopeshana. Hatutakitaja. Mkutano ulifunguliwa kwa maombi marefu. Mama mmoja alikuwa amekosa kulipa kwa miezi mitatu, na mtoto wake alikuwa amelazwa hospitali. Sheria ya kikundi ilikuwa imeandikwa, na yeye alikuwa ameweka kidole. Wanachama wakaenda kwake wakarudi na masufuria mawili, jiko, na blanketi. Vitu vikawekwa chini ya mti. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyesema neno. Sheria ilikuwa upande wao.

Baadaye tukaletewa chai na mkate, tukanywa. Tulipouliza pesa za chai hutoka wapi, tukaambiwa ni za faini za wanaochelewa kulipa.

Tulirudi nyumbani, na wiki hiyo tulikuwa tunasoma Amosi. Tulipofika 2:8 mmoja wetu akasema, "Lakini hii si ni sisi?" Kila mmoja akainamisha kichwa. Tulikuwa tumekunywa ile chai. Yule mama hakurudi tena kikundini, na deni lake halikulipwa, maana hakuwa na sufuria ya kupikia maandazi aliyokuwa akiuza ili alipe. Kikundi kilipoteza pesa na kikapoteza mtu.

Hatusemi madeni yasamehewe tu. Pesa ya kikundi ni jasho la wanachama wengine, na wengine wao ni wajane pia. Mtu anayeweza kulipa na hataki, huyo naye anawaibia maskini wenzake. Lakini Amosi anatufundisha kutofautisha kati ya asiyetaka na asiyeweza, na kutochukua jiwe la kusagia.

LANGONI

Katika miji ya Israeli, lango lilikuwa kama baraza la chifu. Wazee walikaa hapo kusikiliza kesi. Katika magofu ya mji wa Dani, huko kaskazini, hata viti vya mawe vimepatikana langoni. Amosi anasema kwamba huko langoni watu wanamchukia anayesema kweli, rushwa zinapokelewa, na maskini anafukuzwa bila kusikilizwa (5:10-12). Kisha anaagiza haki isimamishwe tena langoni (5:15). Hakusema lango livunjwe. Alitaka litengenezwe.

Kikundi kina lango lake, yaani mkutano. Je, katika mkutano wetu mwanachama mdogo anaweza kumuuliza mwenyekiti swali la pesa na asichukiwe? Hapo ndipo haki inaanza au inakufa.

MUNGU AKATAA NYIMBO

Watu wa Israeli hawakuwa wamemwacha Mungu, ati hawaendi ibada. Walikwenda sana! Betheli, karibu kilomita 17 kaskazini mwa Yerusalemu, palikuwa na hekalu la kifalme, sadaka kila asubuhi, zaka, vinubi. Amosi akasema kwa niaba ya Mungu kwamba sikukuu zao zinamchukiza, sadaka hazitazami, na kelele za nyimbo waziondoe (5:21-23). Badala yake anataka haki, nayo ishuke kama maji ya mto usiokauka (5:24).

Watu wa sehemu kame wanaelewa mfano huu upesi. Kuna mito ya msimu, ambayo inavuma siku mbili kisha ni mchanga mtupu. Nchi ya Amosi imejaa mito ya namna hiyo. Haki ya siku ya ibada peke yake ni mto wa msimu. Hauwezi kuotesha mboga.

AMOSI AFUKUZWA

Mambo yalipokuwa moto, kasisi wa Betheli, aliyeitwa Amazia, akapeleka habari kwa mfalme kwamba Amosi anafanya njama. Kisha akamwambia Amosi arudi kwao Yuda akale huko na kutabiri huko, kwa maana Betheli ni mahali pa mfalme (7:10-13). Angalieni, hakusema kwamba maneno ya Amosi ni ya uongo. Alisema tu, hapa si mahali pako. Ni jibu la zamani sana, na bado linatumika kumnyamazisha mtu anayeuliza.

Amosi akajibu kwamba yeye hakulelewa katika kazi ya unabii na hali mkate kwa kazi hiyo. Ana kondoo wake na mikuyu yake. Kwa sababu hiyo hawakuweza kumnyamazisha kwa kumnyima mshahara.

Baada ya miaka miwili kukatokea tetemeko kubwa la ardhi (1:1), ambalo bado lilikumbukwa wakati wa kitabu cha Zekaria (14:5). Katika uchimbuaji wa mji wa Hazori miaka ya 1950, kulipatikana kuta za wakati huo zilizoinama na kuanguka. Na kama miaka 40 baada ya Amosi kusema, mwaka 722 au 721 K.K., Samaria ikaanguka mikononi mwa Waashuru. Mfalme wao Sargon aliandika kwamba alihamisha watu zaidi ya 27,000. Mafuta safi na mvinyo wa zamani havikuwasaidia.

Lakini kitabu hakiishii kwenye kilio. Katika 5:11 Amosi alikuwa amesema watu watapanda mizabibu na hawatakunywa mvinyo wake. Katika 9:14 neno hilo linageuzwa: watapanda na watakunywa, watatengeneza mashamba na watakula matunda yake. Hiyo ndiyo picha ya mwisho, mkulima akila alichopanda. Si ndiyo sababu tulianzisha vikundi?

NAMNA YA KUMSOMA KATIKA KIKUNDI

Mkutano wa kwanza: someni sura 1 na 2. Mtu mmoja achore chini mduara, ayaweke mataifa saba kuuzunguka na Israeli katikati. Ulizaneni: Ni watu gani tunaopenda kuwalaumu? Tukikaa sisi katikati, Amosi angesema nini?

Mkutano wa pili: someni 8:4-7. Leteni mizani na vipimo vyote vya kikundi, mvijaribu mbele ya watu wote. Pimeni mtungi mtupu, kisha mtieni lita 20 za maji safi kwa kuzihesabu kwa chupa ya lita moja. Uzito unatakiwa uongezeke kilo 20. Ukiongezeka pungufu au zaidi, mizani ni mbaya. Mizani ya biashara inatakiwa pia ikaguliwe na kupigwa muhuri na afisa wa vipimo. Ulizaneni: Nani anashika jiwe, yaani nani peke yake anajua hesabu?

Mkutano wa tatu: someni 2:6-8 pamoja na Kumbukumbu la Torati 24:6-13. Halafu mweka hazina asome sheria zenu za mikopo kwa sauti. Ulizaneni: Ni vitu gani ambavyo kikundi chetu hakitachukua kamwe, hata kama deni ni kubwa? Tutajuaje mtu ameshindwa au amekataa? Faini zetu zinanunua nini? Andikeni mtakayokubaliana kwenye daftari, na kila mtu aweke sahihi au kidole. Mali bila daftari huisha bila habari, na haki pia ni hivyo hivyo.

Mkutano wa nne: someni 5:10-24 na 7:10-17, mmalizie na 9:13-15. Ulizaneni: Nani katika kikundi chetu huwa hasikilizwi? Kuna mtu aliyeacha kikundi ambaye tunapaswa kumwendea?

Swali hili la mwisho lilitupeleka sisi kwa yule mama. Tulikwenda na wanachama watatu wa kikundi chake, baada ya wao kumaliza sura ya 2. Jiko lilikuwa limeshauzwa, kwa hivyo walimnunulia lingine kwa pesa za faini. Masufuria na blanketi walimrudishia. Wakapatana alipe kidogo kidogo kila wiki. Hakusema maneno mengi. Alichukua blanketi kwanza.

Kikundi kikimaliza masomo haya, tuandikieni mtuambie mlipofika na mlipokwama.